SOMO: KUOMBA MSAADA UKIWA UNA KIBARUA



Somo hili ni la wale wanaopata kidogo leo na kesho hawapati kitu: mama anayetembeza vitenge, dada anayefulia watu nguo, kijana wa kibarua cha ujenzi, fundi wa kusuka nywele. Swali mnaloniuliza kila ninapopita nyumbani kwenu ni hili: "Nikisema nafanya kazi, si watanikatia msaada?"

Mama mmoja jirani alijibu swali hilo kwa kuficha. Alipohojiwa alisema, "Sina kazi yoyote." Wiki hiyo hiyo aliyemhoji alikutana naye njiani, vitenge begani. Ombi lake likasimama. Mama huyo hakuwa tajiri. Watoto wake walikuwa wanakula mara moja kwa siku, na angeweza kusaidiwa kama angeeleza ukweli wote. Lakini baada ya uongo mmoja, hata njaa yake haikuaminika.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya kazi. Kwa hiyo kufulia au kuuza hakukuondolei hadhi ya ukimbizi. Hadhi ni jambo moja, msaada ni jambo jingine.

Tukumbuke pia kwamba chakula, fedha na shamba hutolewa hasa makambini, kama Nakivale, Kyaka II na Rwamwanja. Anayeishi Kampala hutazamiwa kujitegemea. Msaada wa mjini ni mchache, nao huenda kwa wenye shida kubwa zaidi. Makambini nako mambo yalibadilika. Mwezi wa Julai 2023, WFP iligawa familia katika makundi matatu: la kwanza lilipata asilimia 60 ya posho, la pili asilimia 30, na la tatu, la wanaoonekana kujiweza, halikupata kitu. Kwa hiyo namna hali yako inavyoeleweka ni jambo zito, ukiwa kambini au mjini.

MAUZO SI MAPATO

Kosa la pili ni la wale wasemao ukweli nusu. Mtu anaulizwa, "Unapata ngapi?" Anataja fedha zote zilizopita mkononi, au anataja wiki nzuri peke yake. Tuchukue mfano wa mama muuza vitenge mwenye familia ya watu 5. Hesabu ni kwa shilingi za Uganda:

Wiki ya 1: aliuza 120,000, mtaji 95,000, usafiri 8,000, alibaki na 17,000.
Wiki ya 2: aliuza 210,000, mtaji 160,000, usafiri 10,000, alibaki na 40,000.
Wiki ya 3: mtoto aliugua, hakutoka, 0.
Wiki ya 4: aliuza 90,000, mtaji 72,000, usafiri 7,000, alibaki na 11,000.

Mauzo yote ni 420,000. Akitaja hiyo, ataonekana anajiweza. Akitaja wiki ya 2 tu, itadhaniwa anapata 40,000 kila wiki. Kumbe alichobaki nacho kwa wiki 4 ni 68,000, yaani wastani wa 17,000 kwa wiki. Gawa 68,000 kwa watu 5 na kwa siku 28: kila mtu ana chini ya shilingi 500 kwa siku, na pango la nyumba bado halijalipwa.

Basi jibu lake sahihi ni hili: "Nauza vitenge. Kwa wiki 4 zilizopita nilibaki na 68,000. Wiki nzuri nilipata 40,000, wiki mbaya sikupata kitu. Tuko watu 5." Jibu hilo ni la kweli, na linaonyesha shida yake kuliko machozi.

YASIYOHESABIWA KUWA FAIDA

1. Mali kauli. Ukichukua bidhaa kwa tajiri na kulipa baada ya kuuza, hiyo ni deni.
2. Mkopo. Nao ni deni.
3. Likelemba. Zamu yako ikifika unapokea fedha nyingi kwa mara moja, lakini ni zako mwenyewe unazochanga.

Usiyafiche haya. Yataje na uyaeleze. Fedha unazotumiwa na ndugu walio nje zitaje pia, hata kama huja mara moja kwa mwaka.

MAMBO YA KUFANYA

1. Nunua daftari. Kila jioni andika tarehe, ulichouza, ulichotumia, kilichobaki. Siku ya bure andika 0. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake wa shule.
2. Tunza karatasi: risiti ya pango, cheti cha hospitali, ujumbe wa simu wa fedha.
3. Taja watu wote wa nyumbani. Aliyeondoka mwondoe, aliyezaliwa mwandikishe.
4. Hali ikibadilika, toa habari mapema. Ukipata kazi ya kudumu, sema. Bidhaa zikipotea, sema pia.
5. Usitie sahihi wala dole gumba kabla ya kusomewa. Omba mkalimani.
6. Ukikataliwa, uliza sababu kwa upole, na uliza namna ya kuomba tena. Nenda na daftari lako.
7. Msaada hauuzwi. Anayekudai fedha ili akuandikishe ni mwizi. Usimpe, na toa habari zake ofisini.

Daftari halikuhakikishii msaada, maana wahitaji ni wengi kuliko fedha. Lakini litakusaidia kusema neno moja leo na kesho, na litakuonyesha mwenyewe kama biashara yako inakulisha au inakula mtaji.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mauzo na faida vinatofautianaje katika kazi yako?
2. Katika wiki 4 zilizopita, ni wiki ngapi hukupata kitu? Kwa nini?
3. Jirani yako akikushauri ufiche kazi yako, utamjibu nini?

Mwenye swali anikute ninapowatembelea. Aje na daftari.