Usingizi wa Dereva ni Jambo la Dini

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darsa zetu tumeulizwa mara nyingi na ndugu zetu wanaoendesha malori ya mizigo kutoka Kilindini kwenda bara: Je, mtu ambaye kazi yake ndiyo safari, anayelala mji huu leo na kesho mji mwengine, mwaka baada ya mwaka, ana ruhusa ya kufupisha Sala na kula mchana wa Ramadhani? Au ruhusa ile ni ya mwenye kusafiri mara moja moja tu? Swali hili ni zuri, na tutalijibu. Lakini twaona kuwa nyuma yake liko swali jengine kubwa zaidi ambalo hatujaulizwa, nalo ni hili: Dereva anayeendelea kushika usukani hali usingizi umemshinda, ana hukumu gani mbele ya Mwenyezi Mungu? Tutayajibu yote mawili, kwani jibu la la kwanza ndilo linalotufikisha kwenye la pili.

HALI YA NJIANI

Wanavyuoni wamesema kuwa hukumu ya jambo ni tawi la kulifahamu jambo lenyewe. Basi yapasa kwanza tuifahamu kazi hii, khasa sisi tunaolala majumbani kwetu kila usiku.

Kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kadiri ya kilomita 480, na mpaka Kampala ni zaidi ya kilomita 1,100. Dereva hungoja bandarini mpaka kontena lipakiwe na karatasi zitimie, na kungoja huko kwaweza kumla mchana mzima. Ikawa safari yaanza jua limekwisha kutua na mwili umekwisha kuchoka. Akifika Mariakani hupanga foleni kwenye mizani, kwa kuwa sheria imeweka kikomo cha uzito wa gari na shehena yake. Kisha hupita Mackinnon Road, Voi, Mtito Andei na Emali. Akifika Mlolongo hupimwa tena, na Gilgil tena, na Webuye tena. Ndipo afike Malaba, mpakani mwa Uganda, akute foleni nyengine ya forodha.

Chakula chake hupikwa na utingo kwa jiko kando ya trela, au hukila katika mikahawa ya njiani. Kitanda chake ni kile chembamba kilicho nyuma ya kiti, na hata hapo hapati usingizi wa raha, maana sikio moja lasikiliza wezi wa dizeli na wenye kukata maturubai. Nyumbani hukaa siku mbili tatu, watoto hawajamzoea, kisha huitwa aondoke. Mtume (S.A.W.) alisema kweli alipoieleza safari kuwa ni sehemu ya adhabu, humzuilia mtu chakula chake na kinywaji chake na usingizi wake, akatuusia kuwa mwenye kumaliza haja yake afanye haraka kurudi kwa ahli zake.

Tena wako wengi wanaolipwa kwa safari, si kwa siku. Mtu kama huyo kila saa anayolala huiona ni saa ya hasara. Na tangu reli mpya ianze kuchukua makontena mwaka 2018, wenye malori wa Mombasa wamepungukiwa na kazi, na anayeipata huogopa kuipoteza. Hii ndiyo hali yenyewe, na mwenye kutoa hukumu bila ya kuiona hali hii huwadhulumu watu hawa.

RUHUSA ZA MSAFIRI

Mwenyezi Mungu ametuelezea katika Suratun Nisaa, aya ya 101, kuwa hapana ubaya msafiri kupunguza Sala. Kwa hivyo Adhuhuri, Alasiri na Isha husaliwa rakaa mbili mbili. Magharibi na Alfajiri hubaki kama zilivyo. Na kwa kuwa aya hiyo imetaja khofu ya adui, Sayyidna Umar (R.A.) alimuuliza Mtume (S.A.W.) itakuwaje watu wakiwa katika amani, akajibiwa kuwa hiyo ni sadaka ambayo Mwenyezi Mungu amewapa waja wake, basi waipokee.

Ama yule ambaye safari ndiyo kazi yake, wanavyuoni wa zamani walikwisha kumzungumza kwa sababu ya mabaharia. Imam Ahmad bin Hanbal ameona kuwa baharia ambaye chombo ndicho nyumba yake, yumo humo pamoja na ahli zake wala hana maskani mengine, hafupishi. Imam Shafi na wanavyuoni walio wengi wamesema hufupisha, ila Imam Shafi amependelea kwa mtu wa namna hiyo atimize, ili atoke katika khitilafu. Sisi watu wa pwani, ambao wazee wetu walikuwa wakienda na kaskazi na kurudi na kusi, mas-ala haya si mageni kwetu. Na dereva wa lori jambo lake ni jepesi kuliko la baharia yule, kwani nyumba yake iko Kisauni au Majengo, na mkewe na wanawe wako huko, na lori si maskani yake. Basi yeye ni msafiri kwa kauli zote mbili, na ruhusa ni haki yake hata akisafiri mara mia kwa mwaka.

Lakini ruhusa ina masharti, na twataja yale yanayokosewa sana:

1. Safari iwe ndefu, kadiri ya kilomita 80 na zaidi kwa hesabu ya wanavyuoni wengi wa zama hizi. Anayechukua mizigo bandarini akaishusha Mariakani na kurudi si msafiri, hata akiendesha kutwa.

2. Asifupishe ila akishazipita nyumba za mji wake. Anayengoja kontena Kilindini husali rakaa nne.

3. Akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali ya siku ya kuingia na ya kutoka, hutimiza. Ama aliyezuiliwa Malaba, hajui karatasi zitatoka leo au kesho, na kila siku ataraji kuondoka, huyo katika madhehebu ya Imam Shafi hufupisha mpaka siku 18. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, madereva wengi walikwama mpakani wakingoja kupimwa. Hao ndio mfano wa hukumu hii.

4. Akisali nyuma ya imamu aliye mkaazi, humfuata na kutimiza.

Pia ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri kwa wakati mmoja, na Magharibi na Isha kwa wakati mmoja, kwa kutanguliza au kwa kuchelewesha, kama alivyofanya Mtume (S.A.W.) katika safari ya Tabuk. Na katika Ramadhani ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyengine, kama ilivyo katika Suratul Baqara, aya ya 185. Lakini kulipa ni deni. Wako wanavyuoni wa Kishafi waliosema kuwa aliye safarini daima, asiyetaraji kupata siku za kulipa, asile ila akipata mashaka, isije ruhusa ikageuka kuwa ni kuiacha Saumu kabisa. Basi dereva na aziweke siku zake za kulipa kabla ya Ramadhani nyengine kuingia, kama anavyoiwekea gari lake siku ya kubadilishwa mafuta.

Sasa tazameni, ndugu zetu. Mwenye kuzikusanya Sala zake namna hii huwa anahitaji kusimama mara tatu tu kwa usiku na mchana: Alfajiri, mara moja mchana, na mara moja usiku. Mola wake amemuitisha mara tatu, naye mizani ya serikali humsimamisha mara nyingi kuliko hizo wala hasemi kuwa hana wakati. Na kila mara anaposimama huteremka, akagusa maji, akanyosha viungo, akasujudu, na damu ikatembea mwilini. Ruhusa hizi hazikuletwa ili lori lifike mapema. Zimeletwa ili mja apate pumzi. Mwenye kufupisha Sala ili apate kuendesha usiku kucha ameichukua sadaka ya Mola wake akaitumia kinyume na makusudio yake.

USINGIZI UNAPOSHINDA

Hapa ndipo lilipo swali la pili. Bibi Aisha (R.A.) ametupokelea kuwa Mtume (S.A.W.) amemuamrisha anayesinzia ndani ya Sala akalale mpaka usingizi umtoke, kwani huenda akakusudia kuomba maghfira, kumbe ajilaani nafsi yake. Ifikirini amri hii. Sala ndiyo nguzo ya dini, na mwenye kusinzia ameambiwa aiwache kwanza, kwa khofu ya neno moja kumponyoka. Ikiwa ulimi wa anayesinzia hauaminiwi katika Sala, mkono wake utaaminiwaje katika usukani, na nyuma yake zimo tani kwa tani za shehena, na mbele yake limo basi lililojaa watu?

Tena Mtume (S.A.W.) aliporejea Khaybar na sahaba zake, walipochoka usiku waliteremka wakalala, na Bilal (R.A.) akawekwa awaangalilie Alfajiri. Naye ukamshinda usingizi, wasiamke ila kwa joto la jua, wakasali Sala iliyowapita. Hawakulaumiwa kwa kulala, kwa kuwa walifanya lililo juu yao. Na lau ingekuwa kuendelea na safari hali mtu amechoka ni ushujaa, basi wao wangekuwa wa mwanzo kuendelea.

Na katika Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra (R.A.), msafiri anayepumzika usiku amekatazwa kuteremka juu ya njia yenyewe, kwani usiku njia ni mapito ya wanyama na wadudu. Leo mapito hayo ni ya magari. Anayeliegesha lori nusu ndani ya lami, bila ya taa wala alama, akapanda kitandani mwake kulala, amepumzika yeye na amewategea mauti wenziwe. Aingie kituoni, au atoke barabarani kabisa.

Sheria ya Kenya nayo imekataza dereva wa gari la biashara kuendesha zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Sheria hii haipingani na dini yetu hata kidogo. Bali yalinda nafsi, na kulinda nafsi ni katika makusudio makubwa ya Sharia. Basi kuitii ni ibada kwa mwenye nia njema.

Wako wanaosema: Sisi twatafuna miraa, usingizi hauji. Twawajibu kuwa miraa haiondoi uchovu, huuficha tu, kama mtu anayeziba jicho la deni kwa deni jengine. Na siku linapodaiwa, hudaiwa lote pamoja. Na wako waliotundika hirizi kwenye kioo wakaona wamehifadhika. Mtume (S.A.W.) amekataza kutundika hirizi, na akatufundisha badala yake dua ya kupanda kipando, iliyomo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na 14. Soma dua hiyo, kisha angalia breki zako na ulale ukichoka. Huko ndiko kutegemea, si kujitupa.

DAMU HAINA BIMA

Tarehe 30 Juni 2023, katika njia panda ya Londiani, lori liliacha njia likawapitia wafanya biashara na watu waliokuwa wakingoja magari, na zaidi ya watu 50 wakafa. Hatusemi kuwa dereva yule alisinzia. Twalitaja ili ijulikane lori moja likitoka njiani laweza kuondoa roho ngapi kwa dakika moja.

Basi na ajue kila dereva hukumu ya Suratun Nisaa, aya ya 92. Mwenye kuua kwa kukosea ana mambo mawili juu yake: diya wapewe jamaa za maiti, ila wakisamehe, na kafara, nayo ni kumwacha huru mtumwa aliye Muumini, na asiyepata, afunge miezi miwili mfululizo. Leo hapana watumwa, basi imebaki Saumu. Wengi wadhani kuwa bima ikilipa mambo yamekwisha. Bima yaweza kulipa mali. Haiwezi kumfungia mtu miezi miwili. Na wanavyuoni wengi wamesema kila roho ina kafara yake. Aliyelala usukanini akaua watu sita, na ahesabu mwenyewe ni miezi mingapi. Ama aliyetahadhari, akafikwa na ajali isiyokuwa na taksiri yake yoyote, hukumu yake ni nyengine, na amuulize mwanachuoni.

WENYE MALORI NA SISI SOTE

Haya si ya dereva peke yake. Tajiri anayempigia dereva simu saa nane za usiku kumuuliza kwa nini lori limesimama, naye ajua mtu huyo hajalala tangu juzi, ni mshirika katika kila litakalotokea. Kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa juu ya alichokichunga. Na awalipe madereva kwa namna isiyowafanya kuuza usingizi wao. Na safari ikiwa ni ya haraka, aweke madereva wawili. Na mke asimhimize mumewe arudi usiku huohuo kwa ajili ya arusi. Bora akose arusi kuliko kuletwa kwenye jeneza. Na jamaa wa misikiti iliyo kando ya njia kuu na wawafungulie wasafiri milango usiku, wawawekee maji na mkeka, kwani mpita njia ana haki iliyotajwa ndani ya Kurani.

Kwa ufupi: dereva ni msafiri, na afupishe na akusanye bila ya wasiwasi. Lakini usingizi ukimjia, kulala kwake ni wajibu kama Sala yake ilivyo wajibu, na kuendelea ni maasia hata asipogonga mtu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awahifadhi ndugu zetu walioko njiani usiku wa leo, awarudishe kwa ahli zao salama, na atujaalie sote kuwa wenye kusikia maneno na kufuata yaliyo mema katika hayo. Amin.