SOMO LA WIKI: Nabii Chini ya Mretemu
Andiko: 1 Wafalme 19:1–8



Somo hili nalifundisha kama mtu aliyepitia. Nilipomzika mke wangu, nilirudi kwa huduma haraka. Jumapili nahubiri hapa Migori, Jumatatu nashindwa kutoka kitandani. Saa tisa usiku macho ni wazi. Ugali hauingii. Nyumbani wakasema ni parruok. Mzee mmoja akanong'ona chira. Kanisani wakasema imani imepungua. Niliamini hao wa mwisho, nikaongeza kufunga. Nikazidi kukonda.

Sasa tazama Eliya. Ametoka kushinda Karmeli, mara yuko chini ya mretemu anaomba afe. Mungu hakumkemea. Alimlisha, akamwacha alale, akamlisha tena. Maswali yalikuja baadaye.

1. Dalili
Huzuni ya msiba huja na kupungua kama mawimbi ya ziwa. Sonona, ambayo wengi tunaiita depresheni, hukaa karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi: moyo mzito, au kukosa raha hata kwa vitu ulivyopenda. Usingizi na hamu ya chakula huharibika. Kuna uchovu, kujilaumu, akili kutotulia, hata kutamani kufa. Kwa wanaume wengine huonekana kama hasira na pombe.

2. Visababishi
Ni vingi: kurithi katika ukoo, msiba, deni, vita vya ndoa, kujifungua, ugonjwa wa muda mrefu. Homa Bay na Migori ni kati ya kaunti zilizoumizwa zaidi na Ukimwi nchini, na anayeishi na virusi yuko katika hatari kubwa zaidi ya sonona. Ikimshika, anaweza kuacha hata dawa zake.

3. Utambuzi
Hakuna kipimo cha damu cha sonona. Damu hupimwa kutafuta mengine yanayofanana nayo, kama upungufu wa damu. Kisha unaulizwa.

Binti yangu anayekaa Homa Bay alinifuata, akanipeleka kliniki. Niliulizwa maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. La mwisho lilihusu kutamani kufa. Nilitaka kujibu, "Hapana, mimi ni pasta." Nikamwangalia binti yangu, nikasema, "Karibu kila siku." Hapo ndipo matibabu yalianza: mazungumzo na mshauri, na vidonge vilivyochukua wiki kadhaa kunisaidia.

Tufanye nini?
Ndugu akipotea kwa ushirika, usianze na mahubiri. Mpelekee chakula, kaa naye, muulize wazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandii wazo hilo. Akisema ndiyo, usimwache peke yake. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Maombi tutafanya tukiwa njiani.

Swali la kujadili: Nani katika kikundi chako amenyamaza siku hizi, na nani ataenda kwake wiki hii?

Sala: Baba, tupe ujasiri wa kusema ukweli tukiulizwa, na upole wa kuuliza. Amina.