Chumba Chenye Kuvu: Mambo ya Kufanya na Kutofanya Kabla ya Kupaka Rangi

Ramadhani ikielekea ukingoni, maduka ya rangi ya Dar es Salaam, Tanga na Unguja hujaa watu wanaotaka sebule ing'ae mbele ya wageni wa Idd. Mwaka 2025 Idd el Fitri iliangukia mwisho wa Machi. Ukuta uliopakwa wiki ile ulikuwa na masika yote mbele yake. Yafuatayo ni kwa mtu mwenye chumba kinachonuka uvundo na ndoo ya rangi mkononi. Asiyeweza kuyafuata aiache rangi dukani, anunue pazia.

Usipake rangi juu ya kuvu. Fundi atakwambia, "Bosi, nikipiga koti mbili hapa haionekani tena." Kweli, haitaonekana, mpaka atakapokuwa ameshalipwa na kuondoka. Kuvu haidai makubwa: vumbi, gundi, hata viambato vya rangi yenyewe vinaitosha kuishi, mradi ipate maji.

Tafuta maji yanakotoka kabla ya kutafuta dawa. Kazi yote iko hapa, na hapa ndipo watu wanaporuka. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi usawa wa kiuno, likiacha mstari wa chumvi juu yake, ni maji ya ardhini: ama msingi haukuwekewa kizuizi cha unyevu, ama bustani ya maua imejazwa udongo hadi kukipita. Doa la kona ya juu linatoka kwenye paa, kwenye gata iliyoziba majani, au kwenye tangi linalofurika usiku watu wamelala. Ukuta unaopakana na bafu una bomba lake. Vidoadoa vyeusi vilivyotawanyika nyuma ya kabati ni habari nyingine: hapo maji ni mvuke wa chumba wenyewe, uliokosa pa kutokea.

Ukiwa na shaka, kata kipande cha nailoni nzito chenye ukubwa wa sahani, kibandike ukutani kwa selotepu pande zote nne, usikiguse kwa siku mbili. Ukikuta matone upande wa chumbani, tatizo ni hewa. Ukiyakuta upande wa ukuta, ukuta ndio wenye maji. Kipimo hiki ni rahisi kuliko chai ya fundi, lakini mafundi hawakipendi kwa sababu jibu lake mara nyingi huahirisha malipo.

Usiite kila cheupe kuvu. Unga mweupe unaopukutika na kuyeyuka ukirushiwa maji ni chumvi. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa ufukweni usiooshwa imebeba chumvi ndani ya plasta, na chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani hata siku ambayo hakuna mvua. Hapo usinunue chupa yoyote. Bomoa plasta, piga nyingine kwa mchanga safi wa mtoni.

Na kama nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile za Mji Mkongwe au Lamu, usithubutu kuifunika kwa plasta ya saruji na rangi ya mafuta. Ukuta ule mnene hunywa maji na kuyatoa, na chokaa huyaacha yapite. Ukiuziba, maji hayaishi: hupanda juu zaidi, au hutokezea chumbani, na ile saruji hubanduka vipande vipande. Watafute mafundi wa chokaa. Bei yao ni kubwa, na wana haki nayo.

Kabla ya kusafisha, toa watoto, wazee na yeyote mwenye pumu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusisha unyevu na kuvu za ndani ya nyumba na maradhi ya njia ya hewa, pumu ikiwemo. Fungua madirisha, funga mlango wa kuingilia ndani ya nyumba, zima feni isije ikazitawanya mbegu za kuvu. Vaa glavu, miwani na barakoa ya N95; kitambaa puani hakitoshi.

Usisugue pakiwa pakavu, wala usifagie. Lowesha kwanza, kisha sugua kwa maji ya sabuni, futa, acha pakauke. Rangi ya mafuta ya zamani usiipige msasa mkavu kabisa, maana huenda ina risasi. Eneo likizidi mita moja ya mraba, mwite anayeijua kazi hiyo.

Jiki ina mahali pake: vigae, kioo, sinki. Kikombe kimoja kwa lita nne za maji kinatosha. Kwenye plasta huling'arisha doa tu. Maji yake huzama ndani na kuiburudisha kuvu iliyobaki. Usiichanganye na siki, dawa ya kusafishia choo au kitu chenye amonia. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na bafu zetu nyingi ni finyu.

Tupa jipsamu iliyoota kuvu, kapeti, na godoro. Usilihamishie godoro chumba cha dada wa kazi. Mapafu yake nayo ni mapafu.

Subiri. Plasta mpya ipewe wiki nne kabla ya rangi, na wakati wa masika iongezee. Usiskimu ukuta wenye unyevu ili ulainike haraka, utatutumka. Usikaushe chumba kwa jiko la mkaa: moshi wake usioonekana huua watu waliolala. Tumia jua, dirisha na feni. Sasa ndiyo ruhusa ya kuiwasha. Rudia kipimo cha nailoni. Kikitoka kikavu pande zote mbili, paka praima, kisha rangi ya maji yenye dawa ya kuzuia kuvu. Dawa hiyo husaidia ukuta mkavu; ukuta wenye maji hauponi kwayo.

Usizibe matundu ya hewa juu ya madirisha. Waliojenga nyumba za zamani waliyaweka kwa akili, nasi tukaja na kiyoyozi tukayapiga saruji. Ukiwa na kiyoyozi, usikigandishe chumba halafu ukafungua dirisha asubuhi, wakati unyevu wa hewa ya masika mara nyingi hupita asilimia 80: mvuke hutua kwenye kuta baridi papo hapo. Jitahidi unyevu wa ndani usizidi asilimia 60. Kabati likae mbali na ukuta kiasi cha kiganja. Nguo mbichi zianikwe nje, au barazani mvua ikinyesha. Udi ufukize upendavyo, ila ujue umeondoa harufu tu.

Mwenye nyumba, usipake rangi kesho kwa mpangaji anayekuja keshokutwa. Nawe mpangaji, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, sogeza kabati, fungua stoo, weka kiganja ukutani chini ya dirisha. Chumba kimoja tu kinachonuka rangi mbichi katika nyumba ya zamani kiulizie. Ahadi ya matengenezo iandikwe kwenye mkataba, maana ya mdomoni huondoka na dalali.

Doa likirudi palepale, usishike brashi. Lipige picha, andika tarehe, kisha mpigie fundi bomba.