Moto Mdogo Unaoponya Kidonda

Ndugu msomaji, umewahi kujikata na jembe shambani? Bila shaka umewahi. Damu ilitoka, kisha ikaganda. Siku zilizofuata nyama mpya iliota na ngozi ikafunga. Halafu nyama ikaacha kuota. Haikuendelea mpaka ikawa kichuguu mguuni. Je, ni nani aliyeiambia ianze? Na ni nani aliyeiambia ikome? Leo tutajifunza jambo hilo.

UJUMBE WA KUKUA

Mwili umejengwa kwa seli. Seli ni chembe hai ndogo sana. Huwezi kuziona kwa macho matupu.

Unapojikata, chembe zinazogandisha damu hutoa protini ndogo. Protini hizo ni kama mjumbe wa nyumba kumi anayepita akibisha hodi. Hufika kwenye seli zilizo ukingoni mwa kidonda na kuziambia, "Jengeni!" Seli hujigawa. Moja huwa mbili, mbili huwa nne. Mwaka 1986 wataalamu Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua protini za namna hii.

OKSIJENI KALI

Ujumbe ukifika, seli hutengeneza oksijeni kali, kidogo sana. Aina yake moja ni haidrojeni peroksaidi. Ndiyo ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu. Mwaka 1995 wataalamu wa Marekani walichunguza seli za mishipa ya damu ya panya. Walipoiondoa oksijeni hiyo, ujumbe haukupita na seli hazikukua.

Oksijeni kali ni kama moto. Ukiwa mafigani, moto hupika ugali. Ukirukia paa la nyasi, huteketeza nyumba. Kwa hiyo usimimine dawa ya povu kwenye kidonda kila siku. Ikizidi huunguza seli mpya, na kidonda huchelewa kupona. Osha kidonda kwa maji safi na sabuni, kisha kifunike kwa kitambaa safi.

UJUMBE USIOKOMA

Ndani ya seli kuna protini ndogo iitwayo Ras. Hufanya kazi kama swichi ya tochi. Ikiwashwa, seli hukua. Ikizimwa, seli hupumzika.

Mwaka 1982 wataalamu wa Marekani walichunguza seli za saratani ya kibofu cha mkojo. Waliona kwamba Ras ilikuwa imebadilika mahali pamoja tu. Swichi ilikuwa haizimiki. Seli iliendelea kuambiwa "kua, kua", ingawa hapakuwa na kidonda cha kuziba. Hitilafu kama hizo zikikusanyika kwa miaka mingi, huleta saratani.

KICHOCHO NA KIBOFU

Jambo hili linatuhusu sisi tunaolima mpunga na kuchota maji ziwani na mabwawani. Mayai ya kichocho cha mkojo hunasa katika ukuta wa kibofu. Chembe za ulinzi huyashambulia kwa oksijeni kali. Usipotibiwa, moto huo huwaka miaka mingi. Seli huungua, hujenga upya, huungua tena. Mwishowe maagizo ya kukua huharibika. Mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa kichocho hicho husababisha saratani ya kibofu. Moshi wa tumbaku pia huisababisha.

Wapo wazazi wanaoona mtoto anakojoa damu, wakasema ni jambo la kawaida. Si la kawaida. Dawa ya kichocho ipo, nayo huua minyoo hiyo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Ukiona damu katika mkojo, nenda zahanati mapema. Mpeleke na mtoto.
2. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa kionyeshe kwa mganga.
3. Uvimbe unaokua uonyeshe pia, hata kama hauumi.
4. Tumia choo. Usikojoe ziwani wala bwawani.
5. Acha tumbaku.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni nini huziambia seli zianze kujenga kidonda kinapotokea?
2. Kwa nini oksijeni kali inafananishwa na moto?
3. Katika kijiji chenu, watoto huogelea wapi? Mtafanya nini ili wasipate kichocho?