Adabu za Njia: Gari ni Bubu, na Taa Ndiyo Ulimi Wake

Somo letu la leo, ndugu msomaji, si la udhu wala la swala, bali ni la njia tuipitayo kila siku tuendapo msikitini na turudipo. Maana wako watu wadhanio kuwa dini humalizika mlangoni mwa msikiti, na kwamba mtu akishavaa viatu vyake na kushika usukani huwa ameingia katika ulimwengu mwingine usio na halali wala haramu. Dhana hiyo ni makosa.

Ijumaa moja, tulipokuwa tukitoka kuswali, niliona kwa macho yangu tuktuk ikipinda kulia ghafla, pasi na ishara yoyote, mbele ya kijana aliyepanda baiskeli. Mwenyezi Mungu alimwokoa yule kijana. Alianguka kando akachubuka goti, na mikate aliyoichukua ikamwagika njiani. Dereva akatoa kichwa nje, akasema, "Kadari ya Mungu hiyo!" kisha akenda zake. Naye tulikuwa sote safu ya kwanza. Neno lake hilo ndilo lililonisukuma kuandika somo hili.

Masahaba walipokuwa wakikaa mabarazani kando ya njia, Mtume (S.A.W.) aliwataka waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni nini, aliwatajia kuteremsha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi ikiwa aliyekaa tu kando ya njia ana haki za kutimiza, itakuwaje kwa yule aipitaye na chombo cha chuma kiwezacho kuua?

Sasa tuitazame ishara yenyewe. Mafaqihi wameweka kanuni kwamba ishara ya bubu ifahamikayo na watu ni kama tamko la ulimi; kwa ishara hiyo huuza, hununua na huoa. Na gari, ndugu zangu, ni bubu. Halina neno la kumwambia aliye nyuma yake kuwa lataka kupinda au kusimama, ila kwa taa zake, zile ambazo madereva huziita indiketa. Taa ndiyo ulimi wake. Kwa hiyo hukumu za ulimi zinaifuata taa.

Kwanza, apindaye bila ya kuwasha taa ameficha jambo ambalo mwenziwe ana haki ya kulijua. Katika nchi yetu magari hupita upande wa kushoto; apindaye kulia hukata njia ya wale wamjiao mbele, na huenda akamkuta wa nyuma yake ameshaanza kumpita. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kwa kila sekunde. Basi anayewasha taa sekunde tatu kabla ya kupinda amempa wa nyuma yake zaidi ya mita 40 za kutanabahi. Na yule awashaye huku ameshapinda hakumpa kitu. Huyo ni kama mtu apigaye hodi na yumo chumbani.

Pili, awashaye taa ya kushoto akaenda kulia, au akaisahau ikawaka mtaa mzima, amesema uongo, japo hakukusudia. Mwenye kutoka kichochoroni huiamini ile taa, akajitosa, akagongwa. Wako pia wawashao taa zote nne wafikapo kwenye mzunguko, maana yao "mimi naenda moja kwa moja." Lakini taa hizo zimewekwa kuonya kuwa pana khatari au gari limeharibika. Tena aliye ubavuni huenda akaona taa ya upande mmoja tu, akafahamu kinyume.

Tatu, katika barabara kuu ya Mombasa na Nairobi iko lugha ya madereva wa malori. Huwasha taa ya kulia kumwambia wa nyuma "usinipite," na ya kushoto kumwambia "njia nyeupe, pita." Niya yao ni njema. Lakini atoaye ruhusa hiyo amejitwika amana ya roho za watu, na aipokeaye hakusamehewa kutazama kwa macho yake mwenyewe.

Na honi nayo ni ulimi. Imewekwa kwa kuonya, si kwa kutukana wala kuwafukuza wazee kwenye kivuko cha miguu. Luqman alipomuusia mwanawe alimtaka awe wa kiasi katika mwendo wake na ateremshe sauti yake. Na usia huo watufaa sana tubananapo Likoni au kwenye daraja la Nyali.

Turudi kwenye neno la yule dereva. Kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini haikuwekwa iwe pazia la uzembe. Bedui alipouliza kama amwache ngamia wake hivi hivi na kutawakali, Mtume alimwamrisha amfunge kwanza. Na Qur'ani, katika Suratun Nisaa, imemlazimisha amuuaye muumini kwa makosa, bila ya kukusudia, kutoa diya kwa jamaa wa marehemu ila wakisamehe, na kafara ya kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza, afunge miezi miwili mfululizo. Lau kadari ingekuwa udhuru, kafara hiyo ingekuwa ya nini? Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu yenye makao yake Jidda, ilipokutana Brunei mwaka 1993, ilikata kuwa kufuata kanuni za barabara zisizopingana na sharia ni wajibu, na kwamba dereva ni mdhamini wa madhara anayowafikishia watu katika miili na mali zao. Hatoki katika dhamana hiyo ila ikiwa ni jambo la nguvu asiloweza kulizuia, au kosa ni la aliyedhurika mwenyewe, au la mtu mwingine.

Basi ewe dereva, tazama kioo, washa taa mapema, tazama tena, ndipo upinde, kisha uizime. Na kabla ya kuondoka asubuhi zunguka gari lako uone kama taa zote zawaka, kwani iliyoungua ni ulimi uliokatwa.

Nasi abiria tusijitoe. Kukataza maovu ni katika haki za njia, na mara ngapi tumekaa kimya dereva akikimbia, au sisi wenyewe tukamhimiza kwa kuwa tumechelewa? Mtume amemsifu Mwislamu kuwa ni yule ambaye wenziwe wamesalimika na ulimi wake na mkono wake. Mkono wa dereva u juu ya usukani, na ulimi wake u katika taa. Kila mmoja na ajipime hapo kabla ya kutafuta nafasi katika safu ya kwanza.

Wallahu aalam.