Tangi la Samaki Lataka Kuvunja Nyumba

Shangazi,

Nina miaka 34, naishi Amalemba hapa Kakamega na mke wangu na mtoto wetu wa miaka miwili na nusu. Kabla ya kurudi nyumbani nilifanya kazi Diani, nikiwapeleka wageni kwa mashua kutazama matumbawe. Kazi niliiacha, matumbawe hayakuniacha. Mwaka huu nimenunua tangi la kioo la mkono wa pili, futi nne urefu, futi moja na nusu upana na kimo vivyo hivyo. Nataka niweke maji ya chumvi sebuleni, samaki wa baharini na matumbawe yao.

Stendi nimeitengeneza mwenyewe kwa mbao za mkaratusi tulioukata kwa baba mwezi wa nne, nikaipiga misumari ya inchi nne. Ilipendeza. Sasa mlango wake mmoja haufungi, na ukiisukuma juu kwa kidole inayumba. Shemeji yangu, ambaye ni seremala, aliiona akacheka mpaka akakaa chini. Mke wangu hakucheka. Amesema siku maji yatakapoingia kwenye tangi lile, yeye na mtoto wataenda kwao Mumias. Naona ananidharau kwa kuwa sina kazi ya maana. Nimwambie nini anielewe?

Mwenye Tangi, Amalemba

Mwanangu,

Nimeisoma barua yako nikiitafuta hiyo dharau ya mkeo, sikuiona. Nilichoona ni mama wa mtoto mdogo aliyeitazama stendi inayoyumba kwa kidole. Hajasema hataki samaki. Amesema maji yasiingie. Tuanze hapo, maana hilo linajibika kwa mbao, si kwa maneno.

Piga hesabu kwanza. Tangi lako likijaa hadi ukingoni linabeba karibu lita 250, na lita ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu 25 hivi. Kioo cha milimita 10 kina kilo 25 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo tangi tupu lenyewe ni kama kilo 50. Tia mchanga, tia mawe. Unakaribia kilo 350. Hayo ni magunia manne ya mahindi, ya kilo 90 kila moja, na chini yake kuna mtoto anayejifunza kupanda kila anachokiona.

Barua yako nilimwonyesha fundi mmoja mzee hapa mjini, bila jina lako. Hakuuliza unene wa mbao wala bei. Aliuliza: boriti ya juu imekaa juu ya mguu, au imepigiliwa ubavuni? Hilo ndilo swali lenyewe. Boriti ikipigiliwa ubavuni mwa mguu, kilo zote 350 zinaning'inia kwenye misumari. Ikikaa juu ya kichwa cha mguu, uzito unashuka mbao juu ya mbao mpaka sakafuni, na skrubu zinabaki na kazi moja tu, kuzuia mbao zisiachane. Usipotaka kuchonga viungo, pigilia kipande kingine cha mbao kando ya mguu, kikatwe sawasawa kutoka boriti ya juu hadi ile ya chini, kiwe ndicho kinachobeba. Ukijengwa hivyo, mguu wa mbao ya nne kwa mbili ya saipresi kavu unabeba mara nyingi zaidi ya kile utakachoupa. Mbao haipondeki kirahisi. Stendi huanguka kwa kulala upande, na ndiyo maana kile kidole chako kimemtisha mkeo kuliko uzito wowote.

Dawa ya kuyumba ni nafuu kuliko unavyodhani. Funika mgongo mzima kwa plaiwudi, uitie gundi na skrubu pande zote, kisha fanya hivyo kwenye ubavu mmoja au yote miwili. Sukuma tena. Utaona tofauti kabla gundi haijakauka. Vioo na milango mizuri mbele ni mapambo, havishiki kitu.

Sasa ule mkaratusi. Mti uliokatwa mwezi wa nne, msimu wa mvua, Kakamega hii, bado ni mbichi mwaka huu. Mkaratusi ukikauka hujipinda na kupasuka, na huo mlango usiofunga ni barua ya kwanza, nyingine zinakuja. Mlango ukipinda utaupiga randa. Fremu ya juu ikipinda chini ya tangi lililojaa, kioo hakipindi nayo: kona moja inabaki hewani, nyingine inabeba yote, na siku moja usiku unasikia mlio. Zitoe mbao hizo, zipange kivulini na vipande vya kuzitenganisha, zitafaa kwa banda la kuku mwakani. Kwa stendi nunua saipresi iliyokauka na kupigwa randa. Na akitokea mtu wa kukupa kwa bei ya kutupa mti wa asili kutoka Msitu wa Kakamega, mwambie asante, apite. Ni kosa kisheria, na msitu wenyewe ndio kipande cha mwisho Kenya cha ule msitu wa mvua wa Kongo.

Yako mambo mawili ambayo seremala wa kawaida hatakwambia kwa sababu hajafuga viumbe vya baharini. La kwanza ni dawa za mbao. Nguzo zile za rangi ya kijani zilizotibiwa zisioze zina shaba ndani yake, na shaba kidogo tu ikiingia majini inaua matumbawe, kamba na kome. Dawa za mchwa na za mende nazo ni sumu kwa samaki. Kama unaogopa mchwa, na kwetu lazima uogope, zishughulikie mbao mbali na nyumba, kabla tangi halijaingia, kisha piga vanishi ndani na nje, hasa kwenye ncha zilizokatwa ambako mbao hunywa maji. Iache wiki mbili harufu iishe. La pili ni chumvi. Wewe umekaa Diani, umeona mabati yanavyoliwa. Matone yatakauka juu ya ukingo, yataacha ukoko mweupe, ukoko utatambaa mpaka kwenye kila kichwa cha msumari. Tumia skrubu za chuma kisichoshika kutu. Na waya wa pampu uuache ulegee, ushuke chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone likiteremka lidondoke sakafuni badala ya kuingia kwenye umeme.

Sakafu nayo usiiamini. Nyumba zetu nyingi saruji yake imemiminwa ikiinamia mlangoni ili maji ya deki yatoke. Weka pimamaji juu ya stendi, urefu na upana, na pa kusawazisha ni chini ya stendi kwa kabari za mbao ngumu, kamwe si chini ya tangi. Kama tangi lako halina fremu ya plastiki chini, litandikie foamu ngumu nyeupe, ile inayokuja na televisheni mpya, imeze vipunje vya mchanga na kasoro ndogo za mbao. Lenye fremu halihitaji.

Ukimaliza, usimwite mkeo umweleze. Azima magunia manne ya mahindi kwa majirani au kwao Mumias kwenyewe, weka ubao juu ya stendi, yapange, uyaache wiki nzima hapo hapo sebuleni. Mlango wa stendi ukiendelea kufunga na pimamaji isiposogea, mwambie asukume yeye. Shemeji awepo. Tena ningekuwa wewe, huyo shemeji ndiye ningemwajiri toka mwanzo, kwa malipo kamili, siyo ya undugu. Alicheka, ndiyo, lakini alikiona kilichokosewa kwa kutazama tu.

Hapo hoja ya stendi itakuwa imekwisha. Sasa ile ambayo hukuiandika, ila imejificha kwenye maneno "sina kazi ya maana". Bahari sebuleni inakula kila wiki. Maji yake yanataka nyuzi 24 hadi 27 usiku na mchana, na usiku wa Kakamega hushuka chini ya hapo sana, kwa hiyo hita haizimwi. Taa za matumbawe, pampu, umeme unapokatika pampu ya hewa ya betri. Kila wiki ukibadilisha sehemu moja ya kumi ya maji, lita 25 zinataka karibu kilo nzima ya chumvi maalum ya matangi, maana ya jikoni haina kalsiamu na magnesiamu za kutosha matumbawe kujenga mifupa. Mvua tunayo tele, lakini iliyopita kwenye mabati imebeba zinki. Matumbawe yenyewe usimwombe rafiki wa Diani akupakilie kwenye basi. Huko ni hifadhi tangu 1995, biashara ya matumbawe magumu kati ya nchi na nchi inabanwa na mkataba wa CITES, na wewe unajua miamba ile ilivyobabuka mwaka 1998 maji yalipopata joto. Andika gharama hizi zote kwenye karatasi moja, mpe mkeo kalamu.

Kama hesabu ikikataa, stendi haitakuwa kazi bure. Kisumu iko kilomita hamsini hivi, na Ziwa Victoria lina furu, samaki wa rangi ambao watu wa Ulaya na Marekani huwatunza kwenye matangi yao kwa heshima. Mmoja wa furu hao, kutoka upande wa Mwanza, amepewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Aina nyingi za furu zilitoweka ziwani samaki aitwaye mbuta alipozidi miaka ya 1980, na baadhi zimebaki hai kwenye matangi ya watunzaji tu. Furu anakula chakula cha kawaida, maji yake ni yasiyo na chumvi, na hatakudai kilo ya chochote kila wiki. Mimi ningeanza naye mwaka mmoja.

Mkeo akisema hapana hata baada ya magunia na karatasi, tangi libaki tupu mpaka mwelewane. Akisema ndiyo, bado usikimbilie chumvi. Tangi la mkono wa pili linaweza kuwa na gundi iliyochoka kwenye kona. Itoe stendi nje, isawazishe kwa pimamaji, weka tangi juu, jaza maji ya mfereji, zungushia kamba mtoto asikaribie, uache siku tatu. Likivuja utakuwa umemwagilia sukuma wiki.