Somo la 18: Mji wa Wapolandi huko Tengeru

Watoto, hapa kwetu katika Masisi na Walikale wengi wanajua maana ya kukimbia nyumba kwa sababu ya vita. Someni sasa habari za watu wa mbali waliofukuzwa kwao, wakafika Afrika.

Polandi ni nchi ya Ulaya. Mwaka 1939 majeshi ya Ujerumani yaliingia humo kutoka magharibi, na majeshi ya Kisovieti kutoka mashariki. Wasovieti waliwatoa watu wengi katika nyumba zao, wakawapeleka kwa treni mpaka Siberia na Kazakhstan. Huko wengi walikufa kwa njaa, baridi na magonjwa. Mwaka 1942 maelfu yao waliruhusiwa kuondoka. Walipita Irani, kisha wakapanda meli mpaka pwani ya Afrika ya Mashariki.

Watu karibu 5,000 walipelekwa Tengeru, karibu na Arusha, chini ya mlima Meru. Wengi walikuwa wanawake na watoto, na katika watoto hao wengi walikuwa yatima. Walikaa katika vijumba vya mviringo vyenye paa la nyasi. Lakini hawakukaa bure. Walilima mashamba, wakawa na kanisa, shule na hospitali. Watoto walisoma kwa lugha ya kwao, wasiisahau. Hivyo kambi ya wakimbizi ikawa mji.

Vita vilikwisha mwaka 1945. Lakini wengi hawakuweza kurudi, kwa maana nchi ya nyumba zao ilikuwa imetiwa chini ya Wasovieti. Wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kambi ilifungwa.

Leo mji ule haupo tena. Yamebaki makaburi karibu 150, nayo yanatunzwa. Katika Uganda, huko Nyabyeya karibu na Masindi, Wapolandi wengine walijenga kanisa, na Waganda wanasali humo hata leo.

Basi, mtu akikimbia huacha nyumba na shamba. Lugha yake, sala yake na elimu yake huenda navyo. Lakini wafu wake hawezi kuwachukua: huwaachia wenyeji. Kwa hiyo kulitunza kaburi la mgeni ni tendo la huruma.

Maulizo
1. Kwa nini Wapolandi wengi hawakurudi kwao?
2. Walifanya nini ili watoto wasisahau lugha yao?
3. Waulize wazee: kijiji chetu kilianza namna gani?